Mashine ya Pumzi

Nakumbuka siku moja huko kisiwani Rongui, mwanangu, siku ambayo ningeweza kuizuia kwa neno moja, nami neno hilo nikalimeza.

Nilikuwa kijana, fundi wa majokofu karibu na bandari ya Mocímboa da Praia, mikono myepesi na kichwa kikubwa. Majongoo bahari wa maji mafupi walikuwa wameshakwisha. Waliobaki walikuwa chini kabisa, mzamiaji wa kubana pumzi hawafikii, na wachuuzi kutoka Mtwara waliwataka haohao. Basi nikachukua kompresa ya jokofu bovu, nikaifunga kwenye injini ndogo ya petroli, nikaunga mtungi mtupu wa gesi wa kuwekea hewa, na mpira mrefu wa kumfikishia mtu pumzi mdomoni akiwa chini. Ilinguruma vizuri. Watu wa bandarini wakaanza kuniita "Engenheiro", yaani injinia kwa Kireno, nami nikaanza kutembea kama mwenye jina hilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mzee Bwanali, fundi wa mashua, alikuja kuitazama. Kwa mafundi wale kulikuwa na ada: siku chombo kipya kinaposhushwa majini, aliyekiunda hupanda kwanza, peke yake, na kama kinavuja kimvujie yeye. Mzee akaizunguka mashine yangu, akaugusa mpira, akaniuliza mbele za watu:

"Umeshashuka nayo, baba?"

"Nimeshuka, mzee. Mara mbili."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kiunoni, nikainamisha kichwa, nikahesabu hadi kumi, nikatoka. Mwanangu, mimi niliogopa kuzama. Mtoto wa pwani kuogopa maji, unaijua aibu yake? Ndiyo maana nilikwenda kutengeneza majokofu.

Mzamiaji wangu alikuwa shemeji yangu Saidi, mume wa dada yangu Zaina. Tulikwenda Rongui watatu: mimi, yeye na nahodha. Saidi akashuka, na haukupita muda mrefu akapanda na majongoo kwenye wavu, macho yamemlegea kidogo.

"Shemeji, hewa yako inanuka. Na kichwa kinanigonga."

Upepo ulikuwa umeigeuza mashua, na moshi wa injini ulikuwa ukielekea palepale kompresa ilipokuwa ikivuta hewa. Leo nalijua hilo. Siku ile sikulijua, na mwenye busara asiyejua angezima injini akatazama. Mimi nilijibu kama bingwa.

"Ni harufu ya mpira mpya tu, utazoea. Mbona mimi nilivumilia?"

Akacheka, akashuka tena.

Nahodha ndiye aliyeona kwamba mapovu yamekatika. Tukamvuta kwa mpira uleule. Midomo yake ilikuwa myekundu kuliko ya mtu mwenye afya, ndivyo ifanyavyo sumu ya moshi, na sura hiyo ndiyo inayonijia kila nikisikia injini inawashwa. Nilimkandamiza kifua, nikamwita kwa jina, nikamwita tena, mpaka nahodha akanishika mkono akasema, "Basi, yatosha."

Baada ya maziko Mzee Bwanali aliniita kando. Sikuweza kumdanganya mara ya pili, nikamweleza yote. Hakunifokea.

"Hofu yako si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe kila chombo ninachokipanda mara ya kwanza, nakipanda kwa hofu. Kosa lako ni kumpa mwenzio ujasiri usiokuwa nao. Sasa nenda kamwambie mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Zaina. Nikaenda, nikakaa mkekani mbele yake, nikasema kwamba sikuwahi kushuka.

"Asubuhi ile hakutaka kwenda, kaka," akasema. "Alisema kile kitu kinamtisha. Mimi ndiye niliyemwambia, nenda, kaka yangu ameshashuka mara mbili."

Hajanitolea neno baya tangu siku hiyo, na ingekuwa afadhali angenitolea. Baadaye, vita vilipotufikia, nimechomewa nyumba, nimeukimbia mji, nimerudi nikaukuta magofu. Hayo nilifanyiwa na watu. Hili nililifanya mwenyewe, tena nikamfanya dada yangu aamini kwamba na yeye ana mkono wake humo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, naiona michoro yako: vizimba vya samaki, kamba za mwani za maji marefu, kamera ya kupeleka chini ya miamba ya Vamizi. Unda. Bahari bado ina riziki, na sisi wazee hatukuzimaliza akili zote. Lakini ulichokiunda, kijaribu kwa mwili wako kabla ya kuomba mwili wa mwenzio. Anayekitumia akikwambia kuna harufu, zima kwanza, ujuzi wako utafuata baadaye. Na ukiogopa, sema unaogopa. Mficha uchi hazai. Watakucheka, na kicheko kitapita kama vinavyopita vicheko vyote.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akuhifadhie wanaokuamini, na siku utakapoulizwa mbele za watu kama umeshajaribu, akupe ujasiri wa kujibu: bado. Amin.