Kengele Iliyopigwa Jumanne

Nilikwenda Katesh kupeleka majoho ya kwaya. Ningeweza kuyapakia kwenye basi kama ninavyofanya kila mwaka, lakini safari hii nilikataa. Kwa miaka saba, nikiwa na cherehani yangu hapa Dodoma, nimewashonea watu wa Hanang. Vipimo vya mabega yao navijua kwa kichwa, na makanisa wanayoimbia sijawahi kuyaona hata moja. Mume wangu alisema natafuta kisingizio cha kutembea. Alisema kweli, ila sikumpa raha ya kujua hivyo.

Jumatatu jioni nilikabidhi mzigo, wakavaa, wakajitazama, wakasema mikono imekaa vizuri. Basi langu la kurudi lilikuwa Jumatano. Nilikuwa na Jumanne nzima, na niliamua kuimaliza kwa kuzunguka makanisa.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, nakunywa chai na chapati. Nje mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Akaingia mzee mrefu mwenye kofia nyeupe ya kufuma, akakaa meza ya pili. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mimi hasira zangu ziko karibu, na mzee asiyeitikia shikamoo hunichefua kuliko chai ya moshi. Mara ya tatu nilipaza sauti hadi mpishi akachungulia dirishani.

Mzee akageuka, uso umejaa tabasamu. "Marahaba, mwanangu. Usidhani nina kiburi. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia liko njiani."

Aibu ilinishika. Nikahamishia kikombe changu mezani kwake, upande wa kulia, na huko ndiko nilikosikia habari zake. Anaitwa Mzee Rajabu, mtu wa Kondoa, dereva mstaafu wa malori. Akiwa kijana alikuja upande wa Tumati kufuata maharage, masika ikamkamata, lori likazama kwenye tope karibu majuma matatu. Wanakijiji walimlisha muda wote huo bila kumdai kitu. Walikuwa na kanisa dogo la udongo lisilo na kengele. Basi siku lori lilipotoka, akawaachia rimu ya gurudumu iliyokuwa imeharibika tundu moja la nati. Wakaitundika iwe kengele. Kesho yake, Jumapili, akiwa ameshaondoka yuko mlimani, akaisikia inalia nyuma yake. Hakurudi tena. Jina la kijiji lilikuwa limemtoka kabisa.

Daktari alikuwa amemwambia kuwa sikio lililobaki halitamaliza mwaka. Alitaka kuisikia rimu yake mara moja kabla halijazimika. Shemeji yake, mfanyabiashara hapo Katesh, alikuwa amemwazima pikapu.

"Macho ninayo, na gari ninalo," aliniambia. "Nimepungukiwa masikio tu. Wewe unataka kuona makanisa, mimi nataka kusikia moja. Twende, uwe unaniambia watu wanasema nini."

Nikakubali kabla chapati haijapoa.

Saa tatu tulikuwa Gendabi. Njia nzima kazi yangu ilikuwa kumgusa bega kila pikipiki ilipopiga honi nyuma yetu, na kumkumbusha kubadili gia, maana injini alikuwa haisikii vizuri. Kanisa la kwanza lilikuwa la tofali, limezungukwa na alizeti, na ng'ombe wa jirani walikuwa wanakula majani hadi mlangoni. Mwinjilisti, kijana mpole mwenye gamubuti, alitukaribisha na kutuonyesha rimu yao. Mzee Rajabu akapapasa matundu yote, akagonga kidogo kwa sarafu, akatega sikio la kulia, akatikisa kichwa. Haikuwa yake.

Mwinjilisti akaanza kunieleza mambo ya kengele. Alisema Jumapili hupigwa haraka haraka, watu waje ibadani. Ikipigwa siku ya kazi, polepole, moja moja, kila mtu anajua kuna msiba, anatupa jembe na kuja. Nilisikia kila neno. Lakini wakati huohuo jicho langu lilikuwa kwenye kitambaa cha madhabahu, ambacho mtu asiyeogopa Mungu alikuwa amekipinda pindo kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe.

"Amesemaje?" Mzee Rajabu akaniuliza tulipopanda gari.

"Amesema karibu tena."

Saa sita na nusu, baada ya kupanda miteremko ya upande wa Mbulu, tulisimama kwenye kanisa kubwa kabla ya Dongobesh. Hilo lina kengele ya kweli, ya shaba, kwa hiyo mzee hakuwa na haja nalo, lakini mimi nilikuwa nayo. Akina mama walikuwa ndani wanafanya mazoezi ya kwaya. Nikakaa nyuma nikasikiliza, nikalia kidogo bila sababu, kisha nikajitambulisha kuwa ni fundi, na mazoezi yakaishia hapo. Kila mtu alitaka kuuliza bei ya joho. Mzee Rajabu alipotaka kuswali adhuhuri, mama mmoja wa kwaya alimletea maji ya kutawadha kwenye jagi, mwingine akatandika mkeka kivulini mwa ukuta wa kanisa. Alipomaliza tulipewa viazi vitamu na chai ya maziwa. Nilimwambia mzee kwamba nikifa nizikwe Mbulu. Akajibu kwamba kwa ninavyokula, sifi leo.

Saa tisa tulikuwa upande wa Tumati. Kulikuwa na kona, kisha kijito, kisha mteremko mwekundu. Akapunguza mwendo. "Hapa nilizama," akasema. "Hapahapa."

Kanisa la udongo halikuwepo. Badala yake lilisimama la tofali, lina bati jipya, mlango umefungwa, na hapakuwa na mtu. Watu walikuwa mashambani. Tuliwaona mbali kwenye mteremko, madoa tu ya kanga na mashati. Pembeni ya kanisa kulikuwa na nguzo mbili za mti zenye boriti juu, na katikati imening'inia rimu, nyeusi kwa umri. Mzee Rajabu akaiendea kama mtu anayemwendea ng'ombe asiyemfahamu. Akapapasa. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne kidole chake kikasimama. Tundu lilikuwa limechanika hadi ukingoni.

Kipande cha nondo kilikuwa kimechomekwa kwenye nguzo. Akakichukua, akapiga kwa nguvu zake zote.

Ningeweza kumzuia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Lakini niliutazama uso wake, sikio la kulia limeelekea kwenye chuma, macho amefumba, anasubiri mlio uishe wote mpaka mwisho, na furaha yake ikanifanya mjinga. Mlio ulipokwisha, akapiga tena. Akasubiri. Akapiga tena. Kwenye pigo la nne ndipo maneno ya mwinjilisti yaliponirudia kichwani. Polepole, moja moja.

Nikamshika mkono, lakini nikitazama mteremkoni naona kanga zinakimbia.

Walikuja na majembe. Walikuja wanaume wamevua kofia, akina mama wamejifunga kanga kiunoni na wengine wameshaanza kulia, kwa sababu kilio hakisubiri jina. Mzee mmoja mwenye funguo za kanisa, waliyemwita Mzee Tluway, alifika anahema, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

Nikasema hakuna. Nikaomba samahani. Nikaeleza mambo ya rimu, lori na masika, lakini nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, na nyuso hazikulainika. Mzee Rajabu alisimama katikati yao na nondo mkononi, ananitazama mimi, anasubiri nimwambie watu wanasema nini. Na walichokuwa wanasema sikutaka kumfikishia.

"Kengele haichezewi, mama," Mzee Tluway akaniambia. "Rudisheni hicho chuma, mwende."

Nilikuwa namvuta mzee kuelekea kwenye gari tuliposikia kelele kutoka nyumba za chini. Kumbe kijiji kilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kutegemewa kufa, Bibi Martina, na kengele ilipolia nusu ya akina mama walikuwa wamekimbilia moja kwa moja kwake. Waliingia ndani wakilia, wakamkuta amekaa kitandani anachambua maharage. Sasa alikuwa anapanda njia na fimbo yake, shuka begani, akina mama wanamfuata nyuma wanamsihi apumzike.

"Nani amesema nimekufa?" akauliza. "Nataka nimwone."

Watu wakapisha. Wengine walikuwa wameanza kucheka kwa kujificha. Bibi akamsogelea Mzee Rajabu, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akarudi kwenye uso, akakaa hapo muda mrefu.

"Matope," akasema.

Mzee Rajabu hakusikia. Akanigeukia. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia na kusema, "Anakuita Matope."

Mzee akakaa chini palepale, kwenye majani, na nondo yake. Ndilo jina walilokuwa wamempa, alinieleza baadaye, kwa sababu kwa majuma matatu alikuwa anatoka chini ya lori kila jioni haonekani sehemu yoyote isipokuwa meno. Bibi Martina wakati huo alikuwa binti aliyeolewa mwaka huohuo. Ndiye aliyekuwa anampelekea makande. Akawaambia wote kwa Kiiraqw, lugha ya huko nisiyoijua, lakini nilijua kila alichosema kwa jinsi majembe yalivyokuwa yanashushwa chini moja baada ya jingine.

Mzee Tluway akajikuna kichwa. Alisema watu wameshakusanyika, na si vizuri warudi nyumbani na kilio bila maiti. Basi akaamua ipigwe ya ibada, tumshukuru Mungu kwa Bibi Martina kuendelea kuishi. Akachukua nondo mwenyewe, akapiga haraka haraka, mlio ukavuka bonde lote. Mzee Rajabu akaegemeza paji la uso kwenye nguzo ya mti, akafumba macho.

"Naisikia hadi kwenye meno," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, na kijiji kizima kikacheka.

Kulikuwa na sala fupi na nyimbo ndefu. Kulikuwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Bibi Martina alipojua mimi ni fundi, alinishika mkono akaagiza gauni, akasema aliyefufuka hawezi kuvaa la zamani. Nikampima palepale kwa kamba ya katani. "Uache nafasi," akaniambia. "Nitanenepa."

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa tunateremka kurudi Katesh, jua liko upande mmoja na Hanang upande wa pili, wingu limeondoka lote. Safari hii nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kengele za ng'ombe, redio ya dukani, watoto waliotupigia kelele, pikipiki zote. Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akikukabidhi masikio yake humpunguzii hata neno moja, nikamwambia na lile la asubuhi. Nikamweleza alichosema mwinjilisti wa Gendabi, chote, mpaka pindo la kitambaa.

Alikata kona mbili, macho barabarani. Nikadhani hakusikia, nikawa najiandaa kurudia.

"Ungeniambia," akasema mwishoni, "ningegonga kwa sarafu, nikaenda zangu. Yule bibi angekuwa bado anachambua maharage."

Akabadili gia kabla sijamkumbusha.

"Lakini siku nyingine, mwanangu, niambie."