Ada ya Nyumba Tupu

Thelma Bloor aliingia dukani kwangu asubuhi moja ya Oktoba akiwa amevaa koti juu ya koti, akaibwaga kadi yake ya gesi kwenye kaunta kana kwamba kadi ndiyo iliyomkosea.

"Bata," akaniambia, "jana nimetia pauni kumi hapa hapa kwako. Nimefika nyumbani, nimeichomeka kwenye mita, nimewasha. Baridi vilevile. Zimekwenda wapi?"

Huku Longton, Uingereza, mtu akikuita bata amekupenda, kwa hiyo nilijua si mimi anayegombana naye. Nikamuuliza kama aliwasha gesi majira ya joto. Akaapa hakuwasha hata mara moja. Tangu Mei alikuwa akijipangusa kwa maji ya birika na kula vya baridi, eti anabana matumizi. Basi hapo ndipo alipokosea, na mtaa mzima hukosea hapo hapo kila mwaka. Mita haijali kama umewasha au hukuwasha. Ina ada yake ya kila siku, nayo inaijumlisha tu, Juni, Julai, Agosti, imenyamaza kimya inakungoja, na siku unayotia pesa inajilipa yenyewe kwanza. Na kila mwaka ada hiyo inapanda. Kikulacho ki nguoni mwako, sisi tunasema. Cha Thelma kilikuwa chini ya ngazi, ndiyo hiyo mita.

"Kwa hiyo nimelipa pauni kumi ili nisioge maji ya moto," akasema.

"Ndivyo."

"Afadhali mwizi. Mwizi akishaiba anakwenda zake."

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Clive Cartlidge, jirani yake wa ukuta mmoja. Clive ni kapera wa miaka sabini na ushei, mrefu, mpole, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye matanuri ya kiwanda cha vyombo na sasa analala na kofia ya sufi. Akisema sentensi mbili kwa wiki watu huulizana kama anaumwa. Siku hiyo akakohoa, akasema tatu kwa mkupuo.

"Na yangu imekula pia. Mita mbili hizi, Thelma, na ukuta ni mmoja. Tungekaa nyumba moja tungelipa ada moja."

 Mama mmoja aliyekuwa akichagua vitunguu aliacha vitunguu.

Thelma akageuka polepole. "Clive Cartlidge, unanichumbia au unapunguza bili?"

Mwanamume mwenye akili timamu angejua la kujibu. Clive akatazama dari, akatafuta huko juu, na alichokipata ni hiki: "Hesabu inakubali."

Nilitamani kumrushia mkate. Thelma alichukua kadi yake, akatoka, akaufunga mlango kwa adabu kubwa, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kwa kawaida mlango wangu anaubamiza.

Mchana akarudi, akakaa juu ya kreti la maziwa nyuma ya kaunta. Hapo ni mahali pake akiwa na jambo. Nikampa chai. Akainywa nusu.

"Ernie alinioa kwa sababu mama yake alikuwa amechoka kumpikia," akasema mwishowe. "Aliniambia mwenyewe siku ya harusi, akidhani ananisifu. Nikampikia mpaka nikamzika. Sasa na huyu ananitaka nimpunguzie gesi. Sijawahi kutakiwa mimi, bata. Natakiwa kama birika."

"Na wewe je, unamtaka?"

"Swali gani hilo," akasema, na masikio yakamwiva.

Nikaelewa yote. Angemkubali Clive jioni hiyo hiyo kama angejua anatakiwa yeye. Lakini akiwa ni punguzo tu, angelala na makoti yake mpaka aingie kaburini nayo, maana Thelma kwa heshima yake hana masihara. Nilimhurumia, na nikiri nilifurahi pia. Mimi mtu wa Pangani, nimeota mizizi huku, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuletewa posa kwenye foleni ya duka langu.

Clive alipokuja kununua magazeti nilimshika koo. Kwa maneno, namaanisha.

"Bwana wee, mwanamke haposwi kwa mita."

"Nimeshajua," akasema kwa unyonge. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile.

"Basi mwalike chakula. Na ukitaja ada, mimi sikuuzii tena maziwa."

Alimwalika kwa kugonga ukuta, ndivyo wanavyozungumza wale. Thelma akakubali kwa sharti kwamba niende naye. "Niwe na shahidi," akasema. "Akianza tena hesabu zake nitamtia kofi, na mtu awe amemwona aliyeanza."

Jumapili tukaenda. Clive alikuwa amevaa tai, na koti juu ya tai. Kwa heshima yetu aliwasha hita ya sebuleni, akasimama pembeni yake akiitazama kama mtu anayemlinda mgeni rasmi. Akatuletea chapati za shayiri, zile laini za huku, zimekunjwa na jibini inayovuja pembeni. Zao zilikuwa na nyama ya nguruwe, yangu jibini tupu, hata hilo alikuwa amelikumbuka. Akaketi.  Thelma akakikunjakunja kitambaa chake. Mimi nikasifu jibini, nikasifu mapazia, nikaanza kuisifu hita, nikakumbuka, nikajiziba mdomo kwa chapati.

Ndipo Thelma akafanya wanachofanya watu wote wa mji huu, waliozaliwa katika udongo na vumbi la vyombo. Aliinyanyua sahani juu ya kichwa chake asome muhuri wa kiwanda ulio chini yake. Wanafanya hivyo popote, harusini, msibani, hotelini mbele ya mhudumu, na hakuna anayeona vibaya. Ila mwenye busara hungoja amalize kula. Thelma kwa wasiwasi wake hakungoja. Kipande cha chapati kilimporomokea mapajani na jibini yake yote, naye hata hakukiangalia.

"Clive," akasema.

Clive akaacha kutafuna.

"Hii nimeichora mimi."

Thelma alikuwa mchoraji wa maua kiwandani tangu msichana hadi walipofunga. Kila mchoraji alitia alama yake ndogo chini ya chombo, maana walilipwa kwa kipande. Yake ilikuwa nukta ya kijani yenye mkia. Akanipokonya sahani yangu, chapati ikabaki mkononi mwangu, akaipindua. Nukta na mkia. Akachukua ya Clive. Nukta na mkia. Akainuka, na jibini ikidondoka kwenye zulia, akalifungua kabati la mwenyewe bila kuomba ruhusa. Akapindua vikombe, visahani, bakuli, birika la chai, hata kidude cha kuwekea yai. Vyote vyake. Hapakuwa na chombo cha mtu mwingine katika nyumba ile.

"Umevitoa wapi?"

"Kwenye mitumba ya kanisani," akasema Clive. "Sokoni. Nyumba za watu wakifa. Miaka mingi."

"Kwa nini?"

Hapo Clive Cartlidge alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mbele yangu, akiitazama hita muda wote.

"Mimi ndiye niliyekuwa napanga sahani zako tanurini. Niliijua alama kabla sijaijua sura. Nilipokuona sura, ulikuwa umeshaposwa na Ernie. Ernie alipokufa nikaona si adabu kusema mapema. Halafu nikazoea kutosema. Ada ilipopanda nikafikiri, loo, hiki sasa ndicho kitu ambacho mtu anaweza kukitamka kwenye foleni."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ndivyo tunavyoamini pwani. Huyu kikohozi chake alikifungia kabatini nusu ya umri wake na wala hakupaliwa.

Thelma alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia, kisha akavichanganya vyote viwili, na mimi nikafuata, sijui nacheka nini, na Clive akatutazama sote wawili kwa hofu, akauliza kama azime hita.

"Gusa hita hiyo uone," akasema Thelma. Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Sikiliza, mjinga wewe. Utahamia kwangu. Na vyombo hivi uvibebe. Lakini mita yako haitolewi."

"Haitolewi?"

"Itabaki pale pale, na utailipia ada yake, na nyumba iwe tupu, pasichemshwe hata maji ya chai. Mpaka machipuko. Nikikusikia umeguna hata mara moja, unarudi kwako na sahani zako."

Kila mtu mwenye hesabu angeona huo ni wazimu. Clive Cartlidge alisimama, akainyoosha tai yake, na uso ukamng'aa.

"Hata zaidi ya machipuko," akasema, "ukitaka."

Wakaoana kabla ya Krismasi, ofisini kwa msajili, mimi nikiwa shahidi kwa mara ya pili. Na majira yote ya baridi, kila Ijumaa, Clive amekuwa akija dukani na kadi mbili, moja ya nyumba wanayoishi na moja ya nyumba isiyo na mtu. Ya kwanza anaijaza kwa kubanabana, maana ada imepanda tena. Ya pili anaitia bila kuuliza bei, huku akipiga mluzi. Wateja wanamwona kachanganyikiwa. Niliwahi kumwambia, "Clive, hela hizi unazitupa." Akaniambia, "Najua," kwa raha, kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

Sasa ni Aprili, maua ya njano yamejaa mbele ya kanisa. Juzi Thelma alikuwa amekaa kwenye kreti lake na chai yake, nikamkumbusha kwamba muda umekwisha, amwambie mumewe mita ile itolewe. Alikuwa akitazama nje. Clive anavuka barabara, kadi mkononi, kofia kichwani.

"Wiki moja tena, bata," akasema Thelma. "Hajawahi mtu kupoteza hela kwa ajili yangu. Niache nitazame."