Kibuyu cha Baba Mdogo Otmari

Simu yangu ikitetemeka juu ya meza ya mbao, dzzz, dzzz, mimi hushtuka hadi leo. Watoto wangu hucheka: "Mama anaogopa simu!" Acha wacheke. Mlio ule ulinitia hofu kwanza nyumbani kwetu Matogoro, mchana kweupe, ukitoka ukutani, na mwenye sauti ile tulikuwa tumeshamzika.

Baba yangu alikuwa na bendi ambayo leo hutaisikia popote. Alipiga gitaa la umeme kwa spika aliyoiunga mwenyewe kutokana na redio tatu mbovu, na sauti ilizunguka chumbani, ikaenda, ikarudi, kama mtu anayeita bondeni kwenye ukungu. Bwana Rajabu, mtu wa Tunduru, alipiga ngoma. Mdogo wake Baba, Baba Mdogo Otmari, alikuwa mtu wa kibuyu. Kibuyu hicho hupulizi. Unaguna wimbo ndani yake, na ubavuni kina tundu lililozibwa kwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando ukitetemeka, sauti ya mtu hutoka si ya mtu tena. Majirani waliuita muziki wa homa, kwa sababu ukiusikiliza sana unaona kuta zinasogea. Kanda walizopeleka redioni zilirudishwa: hii si dansi, wakaambiwa, wala si ngoma. "Basi ni nini?" Baba aliuliza.

Kutafuta utando ilikuwa kazi yangu. Nilimjua kila buibui wa mtaa ule, hasa wa vyooni, na wenye vyoo walinijua. Utando haudumu, wiki mbili, tatu, umechanika.

Baba Mdogo aliumwa siku tatu, ya nne tukamzika. Kwetu, mpigaji akifa, mama yake huutoboa utando wa kibuyu chake kwa kidole, sauti isibaki ikizurura. Bibi aliutoboa mbele yetu sote, akakitundika kibuyu kwenye msumari juu ya spika, akaenda kulala. Jamani, alilala! Siku zikapita, chakula chake vijiko viwili vya uji. Nililala naye kitanda kimoja na nilihisi mifupa yake ikizidi kuchomoza. Usiku mmoja Mama alimnong'oneza Baba, "Huyu anamfuata mwanawe."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikawaza kitoto: kama kutoboa kumemnyamazisha Baba Mdogo, kuziba kutamrudisha. Wakubwa walipokwenda shambani nilipanda kigoda, nikabandika utando mpya kwa nta. Nikaguna ndani yake. Ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikakirudisha kwenye msumari, nimekata tamaa kabisa.

Jumamosi bendi ilikutana mara ya kwanza tangu msiba. Baba akagonga uzi mnene. Ukutani kukajibiwa: dzzzz. Sauti ile ile.

Vijiti vilimponyoka Bwana Rajabu. "Innalillahi," akasema. Baba akazishika nyuzi, na ukuta nao ukanyamaza. Mkojo ulinitoka, nasema kweli. Tulipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia fremu.

"Otmari," aliita. Kisha akamwambia Baba, "Piga tena."

"Mama, hiki kitu..."

"Nimesema piga."

Baba akapiga, kibuyu kikajibu. Bibi akakaa chini yake, na kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mazishini kikamtoka chote. Jioni akaomba ugali na maharage.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nami nikateseka, maana nilikwishatambua kuwa mtikisiko wa spika ndio ulioliza utando wangu. Nikisema kweli, Bibi atarudi kulala, na safari hii hataamka. Nisiposema, nimemdanganya mtu mzima juu ya marehemu mwanawe. Nikanyamaza, nikisubiri utando uchanike wenyewe. Wiki ya tatu ikapita. Tukavuna mahindi, tukapanda mengine, na kibuyu kikaendelea kulia. Sikukigusa tena, naapa, wala sikumwona mtu akikikaribia. Bwana Rajabu alikuwa akiingia anakitolea salamu bila kukitazama. Hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika: labda kweli nilikuwa nimemwita na akaja. Nililala nimejifunika gubigubi. "Lala, mjukuu wangu," Bibi aliniambia gizani, "huyo hana ubaya." Siku hizo alikuwa mkali kwa jambo moja tu, kufagia kuta za chumba chake. "Mwacheni buibui wangu, kawakosea nini?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, nami nikiwa mtu mzima, tulifungua mzigo wake wa nguo. Kwenye fundo la kanga kulikuwa na kisanduku cha kiberiti. Ndani yake zilikuwamo tando nyeupe, zimepangwa kati ya maganda ya mahindi, na kipande cha nta chenye alama ya dole gumba.

Nilikaa sakafuni. Kidole kilichotoboa kilikuwa chake; angedanganyikaje? Alijua tangu ile Jumamosi kwamba kuna aliyeziba, na nyumbani kwetu mtu wa utando alikuwa mmoja tu. Hakuniuliza hata siku moja. Nilidhani namtunza, kumbe naye alinitunza, na usiku nilipotetemeka alikuwa akinishika mkono kwa vidole vyenye harufu ya nta.

Kibuyu kiko sebuleni kwangu sasa. Na watoto wananicheka kwa jambo jingine pia: simruhusu mtu yeyote afagie buibui.