Aliyemwita Mume Wangu Asu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya sikuyasikia kwa jirani wala kilioni kwa watu. Yalinipata mimi mwenyewe, mjini Baraka, ndani ya depo ya dawa. Sikuwa nimelala na sikuwa na homa. Mume wangu yuko hai, unaweza kumuuliza, ingawa yeye ukimgusia jambo hili huinuka akaenda zake, na utaona kwa nini.

Ilikuwa miaka ya vita. Ile vita kubwa walisema imekwisha, wakubwa walitia sahihi huko mbali, lakini kwetu Fizi hakuna aliyekuja kutuambia. Barabara ya Misisi leo ilikuwa wazi, kesho imefungwa. Watu walishuka milimani na magodoro kichwani, wengine walirudi kwa mashua kutoka Tanzania wakakuta nyumba zao hazina hata bati moja. Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Nilisoma informatique, kazi ya kompyuta, huko Bukavu, na kilichonileta Baraka ni mapenzi, nisikufiche. Kazi ilifuata nyuma. Niliolewa na Asukulu, Mubembe wa palepale, mkuu wa depo iliyokuwa ikigawa dawa kwa vituo vya afya vya kando ya ziwa.

Asukulu alikuwa amefiwa na mke. Aliitwa Feza. Alizama siku watu walipokimbia mji: mashua ilibeba kupita kiasi, ikapinduka, na mwili wake haukuonekana. Hayo niliyajua kabla ya ndoa. Niliambiwa pia kwamba Feza alikuwa na kazi ya hospitali, nami nikadhani alikuwa muuguzi. Picha yake sikuwahi kuiona, kwa sababu nyumba yao iliporwa mpaka fremu za ukutani. Basi nikawa mke wa Asukulu kwa moyo mweupe. Ningemwonea wivu mtu gani? Aliyekufa amekufa.

Pale depo tulikuwa na mashini moja kubwa ya kompyuta chini ya meza, na ndani yake ile programu ya kuhifadhi majedwali ya dawa. Sisi tuliiita base tu. Ilikuwa ya bure, ya wale watu wanaoiacha wazi ili yeyote duniani aifungue aone ilivyoshonwa. Kila asubuhi vituo vilizungumza kwa phonie, ile redio ya masafa: wamebakiza serum, yale maji ya kutundika mshipani, kiasi gani, chumvi za kunywa kiasi gani, na mimi niliandika moja kwa moja kwenye base. Asukulu akitaka kujua dawa iende wapi, alikuja nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, nami nikamtolea jibu. Nilipenda sana saa ile. Nilijiona mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi.

Kisha kipindupindu kikashika vijiji vya Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Siku ninayokuambia, Asukulu alikuwa ufukweni tangu mchana, akipakia serum kwenye mashua. Ilikuwa lazima waondoke kabla ya giza, maana kukishaingia giza wenye bunduki wa pwani walipiga risasi kila injini waliyoisikia. Alingoja kitu kimoja tu kutoka kwangu: vituo gani vimeishiwa kabisa, ili mashua ianzie huko. Phonie ilikuwa imenyamaza tangu saa sita, betri imekufa. Ripoti za asubuhi zilikuwa ndani ya base, na vituo vilikuwa vingi, kichwa changu kisingeweza kuvishika vyote.

Mchana huohuo jenereta ilizimika ghafla kwa kukosa mazutu, ile dizeli yake. Mazutu yalipopatikana, umeme ukarudi, mashini ikaamka vizuri. Base haikuamka. Nikaianzisha, ikakataa. Nikaianzisha tena, ikakataa. Nikadhani ni neno la siri, nikalibadilisha, wapi. Nikazima mashini yote nikaiwasha upya. Bado kila nilipogonga mlango wa base nilijibiwa kwamba ndani hakuna mtu. Nje mvua ilikuwa imeleta giza kabla ya wakati wake, na upepo ulikuwa ukirusha maji ndani, kwa hiyo nilifunga mlango kwa komeo. Kumbuka hilo komeo, nililifunga kwa mkono wangu huu. Nikaamua: nitafuta base nzima, niiweke upya, nirudishe nakala ya mwezi uliopita. Ripoti za asubuhi zingepotea, lakini angalau ningekuwa na kitu.

"Unaianzisha, unaianzisha," sauti ikasema nyuma yangu. "Ilisha kukuambia juu ya nini inakataa. Soma journal yake."

Niligeuka. Mwanamke wa makamo yangu, mrembo, nisimnyime haki yake, ana kovu dogo kidevuni, kitenge kimelowa. Nani hajalowa siku ya mvua kama ile? Tulikuwa tumeahidiwa fundi kutoka Fizi-Centre, nikajua ndiye huyu. Kwamba mlango ulikuwa na komeo, niamini, sikulifikiria hata kidogo. Mtu mwenye shida haulizi msaada umepitia wapi.

Nikafungua journal, lile faili ambamo base huandika malalamiko yake. Kweli, sababu ilikuwa imeandikwa pale, mara nyingi, kama mtu anayeita bila kusikika: diski imejaa, hakuna nafasi. Umeme ndio ulioiangusha base, lakini haikuweza kusimama tena kwa kukosa mahali pa kuandika. Nikaona haya. Nimesoma miaka yote ile, na sikuwa nimetazama pa kwanza kabisa pa kutazama.

Nikaanza kutafuta cha kufuta. Ndani ya nyumba ya base yenyewe nikakuta folda imevimba, jina lake linaishia kwa neno kama la journal. Nikasema hizi ni kumbukumbu kuukuu, takataka. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe aliponiwekea mkono juu ya mkono. Ulikuwa baridi, baridi ya kitu kilichokaa sana majini. Nikasingizia mvua.

"Ile hapana," alisema. "Jina yake inadanganyaka batu. Pale njo base inaandika kila jambo mbele ya kulifanya. Ukifuta ile, umeua yote."

Alikuwa na haki. Baadaye nilisoma kwamba kosa hilo limewaliza mafundi wengi. Alinielekeza folda hii na ile bila kutazama sana, kama mama anavyonyoosha mkono gizani akapata chumvi jikoni kwake. Na hapo kitu kidogo kikaanza kuniuma. Yeye alikuwa nani, ajue mashini yangu hivi?

Kisha akaniuliza, polepole: "We njo bibi ya Asu?"

Asu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwita hivyo. Mama yake hakumwita hivyo. Nikamjibu kwamba ndiyo, mimi ni bibi yake wa ndoa, na hilo neno ndoa nikalitamka kwa uzito. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeshajua.

"Usimuwekee pilipili," akasema. "Atakula tu juu ya kukuonea haya, kisha tumbo inamusumbua."

Nikuambie kilichoniwaka? Mara nyingi usiku nilikuwa nimemwona Asukulu akikaa kitandani ameshika tumbo, na nilipomuuliza alisema ni mawazo ya kazi. Mimi nalala naye, sijui. Huyu wa kuja na mvua, anajua. Nikamwona kila mahali: sokoni, kanisani, akicheka na mume wangu nyuma ya mgongo wangu, mji mzima ukijua isipokuwa mimi wa kutoka Uvira. Nilitaka kumrukia. Lakini mashua ilikuwa ikingoja, na vidole vyangu vilimhitaji.

Akaonyesha kwenye kioo. "Kile kikubwa. Hakina kazi hapa. Futa kile."

Nilipotazama, ilikuwa filamu ya harusi yetu. Mpiga picha, ndugu yangu wa Uvira, aliiacha mle ili aje achome CD, na njiani kurudi kwao akanyang'anywa kamera na kila kitu kwenye kizuizi. Nakala nyingine haikuwepo duniani. Nikasema hapana, si hii, tutafute nyingine.

"Mashua itangoja?" akauliza.

Nikamtazama usoni. Hakuwa akiangalia orodha ya mafaili. Alikuwa akiangalia ile picha ndogo ya filamu: mimi na shela, Asukulu mkono kiunoni mwangu. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Wivu ninaujua, nilikuwa nao kifuani dakika ileile, na nikauona kwake kama unavyoona nguo yako imevaliwa na mtu mwingine.

Nikafuta. Nje injini ya mashua ilikuwa imeshaanza kujaribiwa, ningefanya nini?

Nikaianzisha base. Safari hii haikukataa. Ilikaa kimya kidogo, ikasoma yale iliyokuwa imejiandikia kabla ya kuanguka, ikajirekebisha yenyewe, kisha ikafunguka. Ripoti zote za asubuhi zilikuwemo. Nikachukua majina ya vituo vilivyoishiwa, nikageuka ili nimwambie asante, na baada ya asante nimuulize anamjuaje mume wangu. Hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake. Sakafuni, pale aliposimama, palikuwa na maji, na kutoka pale mpaka mlangoni sementi ilikuwa kavu.

Nilipotoka nilimkuta Papa Wilondja, mlinzi, amekaa chini ya upenu wa mlango ule mmoja tulionao. Nikamuuliza yule mama amepita wapi. Akaniambia hakuna aliyeingia wala aliyetoka tangu mvua ianze. Yeye alinisikia mimi tu nikijibishana peke yangu, akadhani nagombana na mashini.

Nikakimbia ufukweni. Nikampa Asukulu majina, akawapa wenye mashua, wakaondoka mwanga ungalipo. Wiki ile watu wa vijiji vile walitiwa serum wakainuka. Tulizika wachache kuliko tulivyoogopa. Hayo ni kweli, nami siyasahau. Lakini pale ufukweni sikuwaza wagonjwa. Mbele ya wapakiaji wote nikamuuliza mume wangu ni mwanamke gani anayemwita Asu.

Aliketi kwenye mchanga uliolowa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanamke huyo alikuwa na kovu hapa, akagusa kidevu. Nikasema ndiyo.

"Ni Feza," akasema. "Ile base, njo yeye aliitengeneza."

Kisha akanieleza yote. Feza hakuwa muuguzi. Alikuwa fundi kama mimi, ndiye aliyeweka mashini ile, akapanga majedwali yale, akafundisha vituo kusema ripoti kwa phonie. Asukulu alinificha kwa sababu aliona ninavyojivunia kazi, akaogopa nisijione nimekalia mahali pa mtu. Wanaume hudhani kimya ni dawa.

Sikiliza sasa lililonichoma zaidi. Kesho yake nilichunguza ile diski kwa utulivu. Nikakuta fungu la nakala kuukuu za base, zimebanwa, zimerundikana tangu enzi ya Feza mwenyewe, na kwa ukubwa ziliishinda filamu yetu mbali sana. Hazikuwa na kazi yoyote. Ningefuta hizo, base ingeamka vilevile, na harusi yangu ingebaki. Yeye alijua zilipo, kwa maana ndiye aliyeziweka. Kumbe alichagua. Kwa mkono uleule aliwaokoa watu wa Ubwari, na kwa mkono uleule akaifuta ndoa yangu isionekane. Nimkasirikie vipi? Nimshukuru vipi? Mpaka leo sijui.

Nikadhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Mvua ikinyesha jioni, Asukulu akawa anachukua funguo, anasema anakwenda kuhesabu dawa. Nilimfuata mara moja nikachungulia dirishani: amekaa mbele ya mashini iliyozimwa, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Hakuna aliyekuja. Akirudi nyumbani alinihoji: amekonda? Alicheka? Aliuliza juu yangu mara ngapi? Mwanzoni nilimjibu. Halafu siku moja akanitazama vibaya, jicho ambalo sijapata kuliona kwake, akasema:

"We hukumujua hata kidogo, na we njo alikuonekania. Mi nilimulilia miaka, sijamuona hata mara moja."

Mume wangu ananionea wivu mimi. Umewahi kusikia jambo kama hilo? Tulihama Baraka, tuko Nundu, tuna watoto na shamba, tunacheka kama watu wengine. Lakini kitu kile kimelala kati yetu. Bado ananiuliza kitenge cha Feza kilikuwa cha rangi gani. Rangi naikumbuka vizuri. Sijamwambia, na sitamwambia.

Basi wewe unayenisikia, ukiolewa na mwanamume aliyefiwa, usijifanye mpole ukakubali kuambiwa nusu. Uliza jina la marehemu, uliza kazi yake, uliza mikono yake iligusa nini ndani ya nyumba na nje. Ukiona aibu, uliza hivyohivyo. Na kama alikufa bila kaburi, uliza mara mbili, maana huyo hana pa kulala. Usipouliza, siku moja atakuja kujieleza mwenyewe, atakusaidia vizuri kabisa, na malipo atachagua yeye.