Sabuni ya Daktari wa Mifugo

Daktari wetu wa mifugo hapa Oldonyo Sambu hatembei bila kipande cha sabuni mfukoni, na mikono yake imepauka kama miguu ya kuku. Anasema kirusi cha kichaa cha mbwa ni kivivu: hakizaani mpaka kiingie kwenye seli za kiumbe kingine, na kwenda kwenye ubongo kinajikongoja. Koti la kirusi hicho ni la mafuta, sabuni huliyeyusha. Kidonda cha aliyeng'atwa, daktari hukiosha dakika kumi na tano, akizipima kwa nyimbo za kanisani anazoziimba vibaya. Juzi mzee wa kanisa aliyegoma kumchanjisha mbwa wake aling'atwa na mbwa huyohuyo. Daktari alimsugua mguu bombani huku akimwimbisha, kabla ya kumpeleka hospitali kwenye sindano. Mzee akaruka beti mbili ili wamalize upesi.

“Rudi ubeti wa pili, mzee,” daktari alisema bila kuinua kichwa. “Kirusi hakijaokoka.”