Mama wa Ramisi Hang'oki

Niliondoka Mombasa kwa sababu paroko wetu alinituma Ramisi nikamchukue Bikira Maria. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na Wazungu waliokuwa wakirudi kwao walikumbuka vitu vyao. Sanamu hiyo ya mbao, ya Maria na mwanawe aliyekufa, iliyochongwa Ujerumani karne nyingi zilizopita, ililetwa na mmisionari mmoja. Sasa jumba la makumbusho la huko liliitaka. Mimi ni seremala. Kazi yangu ilikuwa kuing'oa na kuifunga vizuri.

Ng'ambo ya Likoni nilipata lori la Hamisi, Mdigo wa Msambweni, lililokuwa likirudi tupu kwenye mashamba ya miwa. Aliniuliza nafuata nini. Nilipomweleza, alisema yeye si wa dini hiyo, ila kumwondoa mama na maiti ya mwanawe ni kazi ambayo yeye asingeipokea.

Ramisi tulifika jua likiwa la utosi. Kikanisa cha wakata miwa kilikuwa cha mabati. Nilitarajia Maria mzuri wa kwenye kalenda. Huyu alikuwa mwanamke aliyekondeana, kinywa wazi kwa kilio, amempakata mwanawe mtu mzima aliyekufa, mbavu nje, majeraha yamevimba. Vidole vya miguu ya Yesu vilikuwa vimelika kwa kushikwashikwa.

Wanawake waliposikia nimekuja, walitoka shambani na mapanga yao, wakaketi mbele ya sanamu. Aliyewasemea ni Kalekye, mama wa Kikamba. Alinisimulia bila kupandisha sauti kwamba mwanawe alishikwa na homa, akamfia mapajani njiani wakienda hospitali.

"Nilimpakata hivi hivi," alisema. "Aliyemchonga huyu mama alikuwa ameona. Mwambie padre hang'oki."

"Atamtuma fundi mwingine."

"Na aje."

Nilirudisha nyundo mfukoni, nikaketi nao.

Kesho yake, Mombasa, paroko alinikaripia, akasema sanamu si mali ya wakata miwa. Nilimjibu kwamba nami nilikwenda nikidhani hivyo, na sasa sidhani tena. Akimtuma mwingine, atanikuta mlangoni mwa kikanisa.

Tangu siku hiyo sijapewa kazi ya kanisa, hata ya kutengeneza benchi. Jumapili huvuka Likoni nikasali Ramisi. Sanamu ingali pale.