Samoni Hali Ugali

Mume wangu aliondoka Sydney na begi moja la mkononi. Baba yake alikuwa amefariki kule Kitui, na kifungua mimba hakosi kutupa udongo kaburini. Ilikuwa Machi, mwaka ule korona ilipoingia. Kazini aliomba ruhusa ya wiki mbili. Kabla hazijaisha Australia ikafunga mipaka, na sisi wenye viza za muda tukaelezwa wazi: aliye nje abaki nje, na aliye ndani akitoka asitegemee kurudi. Wiki mbili zikawa miezi ishirini na moja.

Mwanzoni tuliongea mpaka simu zikachemka. Kila siku saa kumi na moja jioni, nikitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, kwake ikiwa saa nne asubuhi, alinipigia. Lakini mtu akifungiwa nyumbani na barakoa, atasimulia nini? Kufikia mwezi wa tano mazungumzo yetu yalikuwa haya:

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Kazi?”

“Iko sawa.”

“Haya.”

“Haya basi.”

Watu wa kanisa wakanipigia kuniambia subira huvuta heri. Subira! Hebu mtu alale peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, kisha aje aniambie habari ya subira. Methali iliyonitisha ilikuwa ile nyingine, asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo. Niliona ndoa yangu inakufa kwa “haya basi,” na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Jumamosi moja nilikuwa gereji nikitafuta kamba ya kuanikia nguo, nikakuta fimbo yake ya kuvulia samaki na kisanduku cha plastiki. Ndani mlikuwa na ndoana, visamaki vya mpira na vipande vya chuma vinavyong’aa, vyote bado vimo kwenye pakiti zake. Nilikumbuka wenzake wa kazini walikuwa wamemwahidi kumpeleka kuvua samoni. Basi nikajiambia, mimi nimekulia kando ya mto Nzoia, nishindwe na samaki? Kaka zangu walivua kwa minyoo na ugali. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuparua magamba, lakini macho tulikuwa nayo.

Nikakata leseni, nikasonga ugali mgumu, nikaendesha gari mpaka Mto Georges, kule chini unakokaribia bahari, maana samoni wa huku hupanda mtoni maji yakijaa. Visamaki vidogo vikala ugali wangu wote na kuniachia ndoana safi kabisa.

Jioni akapiga. “Umekula?”

“Mimi sijala. Samaki ndio wamekula.”

“Samaki gani tena?”

Nilipomweleza akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. “Ati ugali? Mama, samoni hali ugali! Samoni ni mwindaji. Anataka kitu kinachomkimbia.”

“Na wewe mtu wa Kitui samaki umewajulia wapi?”

“Usinidharau. Hebu niambie kwanza, maji yakoje?”

Siku hiyo tuliongea saa nzima, nikalala nikitabasamu.

Tangu hapo mume wangu akawa mwalimu. Kila swali langu alilijibu kwa lile lake: maji yakoje? Yakiwa safi, weka chuma chembamba cheupe, urushe mbali, uvute kwa kasi ili samoni adhani ni dagaa anatoroka. Yakiwa na tope, samaki haoni, basi mpe harufu: kipande cha ngisi, au dagaa mzima wa barafu. Dagaa usimyeyushe kwa maji moto, atalegea na kuchomoka. Mpitishe ndoana kwenye jicho, na ncha ibaki nje. Ukiona ndege wanapiga mbizi, rusha hapo, usiniulize. Chambo kilingane na visamaki anavyokula siku hiyo, kwa sababu samoni akizoea vidogo hata kuku mzima hamtaki.

Mimi nami nilimchokoza. Nilimwambia nimeweka soseji. Nilimwambia nimeweka chapati. “Aki ya Mungu, wewe utaniua!” alipiga kelele kutoka Kitui, na mimi nikaegemea ukuta wa jikoni nikicheka mpaka machozi. Nilitamani akemee hivyo akiwa mlangoni, viatu vyake vimejaa tope kwenye zulia langu.

Mwaka wa pili, mwezi wa tano, nilimpata. Maji yalikuwa safi, nikafunga chuma cheupe kama nilivyofundishwa, na mara ya tatu kurusha fimbo ikapinda, samoni akaruka juu ya maji. Haiya! Nilipiga mayowe peke yangu. Mgongo kijani, tumbo la fedha, mrefu kama mkono wangu. Nikashika simu nimpige picha. Halafu nikaona nitakachoambiwa: hongera, sasa umehitimu. Na kesho yake? Umekula? Nimekula. Haya basi.

Simu nikairudisha mfukoni. Samoni nilimkaanga, nikamuunga kwa nyanya, kitunguu na dhania, nikamla siku mbili. Mume wangu alipopiga nilimwambia, mdomo ukinuka samaki, “Leo tena wameninyima.”

“Usikate tamaa,” akasema. “Kesho tutajaribu kingine.”

Mwezi uliofuata Sydney ikafungwa tena. Sisi wa mtaa wa Merrylands tukakatazwa kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani isipokuwa kwa kazi, na mto wangu ulikuwa mbali kuliko hapo. Nilimwambia alipopiga. Nilijua hilo pia limeisha.



“Haya,” akasema. “Tuseme umeshafika. Maji yakoje?”

Nikafumba macho nikiwa nimesimama pale jikoni. “Jana mvua ilinyesha. Yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.”

“Basi weka ngisi. Kata kipande kirefu, kicheze majini.”

Tulivua hivyo zaidi ya miezi mitatu, mimi na yeye, kwenye mto ambao hakuna aliyeuona. Sijawahi kumpenda mtu vile.

Desemba mipaka ikafunguliwa, akarudi, amekonda, shati linamning’inia. Jumamosi ya kwanza tukaenda mtoni. Akaishika fimbo chini juu, kile kigurudumu cha mshipi kikitazama mbinguni, akaanza kukizungusha kinyume. Nikamtazama.

“Mzee. Umewahi kuvua wewe?”

Akainamisha kichwa. “Kitui mito yetu ni mchanga, mama. Tunachimba ndiyo tupate maji. Nilikuwa naamka, nanunua bando, nasoma habari za samoni mpaka saa nne, halafu nakupigia.” Akaichezea ndoana. “La sivyo tungeongea nini?”

Nilimkumbatia pale pale, fimbo ikiwa katikati yetu. Habari ya samoni wangu sikumwambia, na mpaka leo hajui. Akisoma haya, ndiyo ajue.

Ningetamani kuishia hapo. Lakini alipata kazi mpya ya usiku kwenye ghala moja kule Ingleburn, akirudi asubuhi mimi natoka. Jioni, kabla hajaondoka, tunakaa kwenye kochi moja, kila mtu na simu yake. Umekula? Nimekula. Nilimngoja miezi ishirini na moja, na sasa amekaa hapa, goti lake linagusa langu, nami nina hamu naye. Nina hamu na yule mtu wa saa kumi na moja.

Jumapili moja niliondoka peke yangu na kisanduku. Nilipofika ukingoni sikufungua hata pakiti moja. Nikampigia.

“Kuna nini?” akashtuka. “Gari?”

“Gari liko sawa. Niko mtoni. Sijui niweke chambo gani.”

Nikasikia anazima runinga, kisha kiti kinavutwa, anakaa.

“Maji yakoje?”